Jezi Namba Tisa

Jumamosi wanachapwa, Jumapili nafua.
Hiyo ndiyo ratiba ya Nyota ya Langoni,
msimu wa tatu huu, na sabuni ni yangu.

Msinieleze habari za mechi. Huwako,
nimekalia ndoo karibu na kibendera cha kona,
buibui limejaa vumbi, sauti imekauka.
Na hata nikikosa, nitazijua.
Karai halifichi kitu.

Siku ya Matondoni, nne bila,
jezi ya Shekuwe mlinda lango ilikuja nzito kama gunia la mkaa,
mchanga viwikoni, mchanga kwenye kola.
Mtoto wa watu karuka kushoto, karuka kulia,
kisha kainama mara nne wavuni
kama mtu aokotaye kuni.
Ya beki wa kulia ilipasuka kwapani: alivutwa, au alivuta.
Ya nahodha ilinuka dawa ya kuchua.
Na namba tisa,
ya Lali Kupi, mshambuliaji wetu,
tuliyemchangia viatu mtaa mzima,
ilirudi inanukia pasi.
Mkunjo niliouweka mimi Ijumaa
ulikuwa bado umesimama mgongoni, umenyooka kama rula.

Dakika tisini!
Mimi nikienda sokoni kununua nazi mbili
hurudi nimechafuka kuliko hivyo.

Watu wa Matondoni wana maneno. Walituambia,
"Jina mmelitaka wenyewe.
Mkijiita Langoni, mpira utakwenda wapi?"
Nikacheka, kwa kuwa ni kweli,
kisha nikakasirika kwa kuwa nimecheka.

Kocha Famau anasema tatizo ni upepo.
Wiki ya kabla yake tatizo lilikuwa jua.
Kabla ya hapo, refa kaoa kwao.
Sawa, Famau. Lakini kipindi cha pili mlibadilishana magoli,
mbona upepo haukuwatambua?

Maji ya kisima chetu yana chumvi, hayatoi povu.
Nasugua hadi vidole vinakunjamana kama ukwaju.
Shilingi ishirini kila jezi, walisema,
na daftari langu linadai tangu Mfungo Sita.
Binti yangu Mwanaidi huniuliza, "Mama, kwani lazima?"
Si lazima.
Hata jino bovu si lazima uliguse kwa ulimi.

Jumapili ile sikuifua tisa.
Niliikunja vile vile, nikamrudishia mwenyewe mkononi.
"Hii siitozi, Lali. Haikufanya kazi, nami sikufanya."
Wenzake wakaangua kicheko. Yeye akaangalia chini,
masikio yakamwiva,
na usiku sikulala vizuri.
Ana miaka kumi na tisa. Mamake nilisoma naye chuoni.

Jumamosi tena. Asubuhi kapita mlangoni kwangu,
"Yeo twashinda, Bi Mwanatumu," kasema, hakuniangalia.
Shela wakatufunga mbili kwa moja,
na hiyo moja yetu walijifunga wao.

Lakini nilipofungua furushi,
nikaichomoa tisa, moyo ukaniruka.
Ilikuwa nyeusi! Kifua kizima, mpaka begani!
Nikaita nyumba yote ije ione.
Jirani akachungulia dirishani akidhani pana msiba.
Mwanaidi akaisogeza puani.
"Mama. Haya ni mavi ya punda."

Mimi nilikuwa upande wa pili, jua machoni,
nilimwona akianguka, basi.
Alikuwa akiukimbilia mpira, au akiukimbia?
Sikuuliza.
Nikailoweka peke yake,
nikaisugua taratibu,
na kwa mara ya kwanza msimu huu
nikayaona maji ya tisa yakibadilika rangi.